Mwana wa Abrahamu

Bruxelles, 14 novemba 2004

Maman mupenzi,

Jambo sana. Mi niko muzima, ni baridi tu inaniuma masikio. Wewe uko namna gani? Magoti inakuachia ulale? Salimia bote ku parcelle, pale nyumbani.

Maman, nilimuona. Nissim, baba yangu, angali muzima, na iko hapa hapa Bruxelles. Tangu nifike nilikuwa naulizauliza wazee Bayuda waliokaa zamani kwetu Lubumbashi, na mumoja akaniambia: nenda ku sinagogi siku ya Sabato. Nilienda. Ku mulango baliniuliza nakuya kufanya nini, nikasema nataka kujifunza. Kiisha sala wazee baliketi na kahawa, bakaanza kuchekeshana mu Swahili yetu kabisa, ile ya Kamalondo. Mumoja akaita mwenzake "Nissim". Nissim alinipa mukono kama anavyompa kila muntu, akasema "Shabbat shalom", salamu yao ya Sabato, akarudi ku kahawa yake.

Niliomba kuingia dini yao, na rabi, mwalimu wao, alinirudisha kwa heshima mara mbili. Kumbe njo desturi yao: mwenye kutaka kuingia banamukatalia kwanza, baone kama atarudi. Mi nitarudi. Ila uniambie: nimwambie baba mi ni nani?

Mutoto yako,
Hénock

Lubumbashi, 9 januari 2005

Mutoto yangu Hénock,

Jambo, na Bwana akulinde. Magoti ni ileile, isikusumbue. Unakula vizuri? Ule muzungu wa kazi yako anakulipa?

Jibu ni hapana. Usimwambie. Sikia vizuri. Mwaka serikali ilimunyang'anya magasin yake, ile duka ya vitambaa, akapanda ndege, mi nilikuwa na mimba yako ya miezi sita, na aliiona kwa macho yake. Alisema ataandika. Bon. Leo ukimukimbilia, bibi yake na batoto yake batasema nini? Ni Muafrika mwingine anatafuta papiers za kukaa Ulaya. Mi nilikulea kwa kuuza samaki ku soko, na sikumuomba yule mwanaume hata mita moja ya kitambaa. Aulize mwenyewe. Una uso wa nkambo yako, mama yangu, vilevile kabisa, na Nissim alikula ugali wa nkambo yako miaka miwili. Ataona tu. Ngoja aulize.

Kujifunza, jifunze, kitabu haiue muntu. Abbé Sylvestre aliniuliza kama unaenda misa. Nilimujibu kwamba unasali sana. Si uongo.

Maman yako

Bruxelles, 22 juni 2008

Maman mupenzi,

Jambo. Magoti je? Usikasirike juu ya kimya. Ku téléphone tunasalimiana tu, unité inaisha, na hii nilitaka kuiandika.

Nilihama Berchem-Sainte-Agathe, nakaa sasa karibu na Matonge, kwa sababu Sabato hatupandi bus, tunatembea mpaka ku sinagogi. Kila dimanche asubuhi, kesho yake Sabato, tunasoma, na baba anaketi pembeni yangu. Herufi za Kiebrania zilinitoa jasho. Yeye njo ananionyesha mustari kwa kidole, na nikikosa ananigonga mukono polepole. Mi mwanaume muzima mwenye ndevu, Maman, na siku ingine nakosa makusudi.

Mwezi uliopita marabi batatu balinipima kwa maulizo, nikaingia mu mayi, nikatoka Muyuda. Siku ya Sabato baliniita mbele ya Torati, jina yangu kwa Kiebrania: Hanokh, mwana wa Abrahamu. Njo bile banamuita kila anayeingia, kwani sheria inamuhesabu kama mutoto aliyezaliwa leo, hana baba mwingine. Baba alikuwa amesimama pale pale. Alinisikia nikiitwa mwana wa mwingine, akanishika mukono, akanitakia nguvu.

Bon, dimanche hii tulifika ku sheria moja. Aliyeingia, ni zambi kumuuliza alitoka wapi na bazazi bake ni nani, asije akaona haya. Baba njo aliisoma kwa sauti. Alipomaliza aliniangalia sana, akafungua mudomo kama mwenye kuuliza. Kiisha akaufunga. Baba ni muntu wa sheria kweli kweli, hata chai hanywi bila kuibariki. Donc miaka hii yote nilijifunza ili aniulize, na sasa kuniuliza ni zambi. Nilijifungia mulango kwa mukono yangu mwenyewe. Nifanye nini?

Mutoto yako,
Hénock

Lubumbashi, 30 julai 2008

Hénock,

Jambo. Mi niko, Mungu anasaidia.

Mwana wa Abrahamu. Nilisoma pale, nikaweka barua chini, nikaenda kuosha masahani ambayo ilikuwa safi. Huyo Abrahamu alikuwa wapi siku malaria ilitaka kukuchukua? Bon. Nililia, imekwisha.

Sasa sikia mama yako. Hiyo sheria inamufunga yeye kuuliza, haikufungi wewe kusema. Aliyekufunga ni mimi, na leo nakufungua. Kiburi changu kilinifaa mi ku soko, wewe hakikufai kitu. Nenda umwambie: mi ni mutoto wa Yolande wa Kamalondo. Akisema unatafuta papiers, acha aseme, utakuwa umesema. Usingoje Sabato ingine. Ngojangoja huumiza matumbo.

Maman yako

Bruxelles, 17 januari 2010

Maman,

Jambo. Leo salamu yangu ni fupi. Baba alikufa.

Sikumwambia. Kila Sabato nilisema ni leo. Kiisha baba anageuka, ananionyesha mustari, na woga unanishika. Akinikataa, nitapoteza hata kile kidole. Njo bile mwaka na nusu ilipita.

Moyo ulimuangusha mwezi wa kumi na mbili. Ijumaa nilienda kumuona ku hôpital, tukabaki sisi wawili. Hakuwahi kunisemesha Swahili hata siku moja, lakini siku ile akaanza: "Hanokh, kuko ulizo moja nataka kukuuliza tangu siku ya kwanza." Nikasema: "Uliza, Papa." Akatikisa kichwa: "Hapana. Mungu alikataza." Nikavuta pumzi nitaje jina lako. Bibi yake akaingia na Raphaël, mutoto yake. Nilitazama dirishani, jua linashuka, Sabato inaingia, na njia ya miguu ilikuwa ndefu. Nikasema moyoni: dimanche.

Alikufa Sabato asubuhi. Sisi hatuinui téléphone siku ile, donc mi nilipata habari jioni, kiisha nyota kutoka. Siku ya maziko batoto yake balipasua nguo upande wa moyo, kama sheria inavyotaka. Mi nilisimama na shati yangu nzima.

Kesho yake Raphaël alinipigia. Sala ya kuombolezea inaomba wanaume kumi, na kwao balikuwa tisa. Alisema: "Tafadhali, unaweza kuja?" Nilienda. Raphaël alisimama, akamusemea baba yake ile sala, Kadishi, na mi, kule nyuma ku mulango, nikaitika amina. Kiisha alinishukuru sana. Akasema nilijisumbua sana, na si hata muntu wa famille. Nilimujibu: si kitu.

Maman, nilikuwa na miaka mitano ya kusema neno moja.

Hénock

Lubumbashi, 28 februari 2010

Mutoto yangu,

Pole. Pole sana, mwanangu. Mi siko muzima, nisikudanganye, lakini nakula.

Usijipige. Ulitii mama yako, na mama yako alichelewa.

Siku barua yako ilifika nilitandika mukeka mu parcelle, nikafunga kitambaa nyeusi. Bajirani bakaanza kuingia na makala ya kupikia, na unga, bile tunafanya ku kilio. Bakauliza: "Maman Hénock, nani alikufa?" Unajua miaka yote nilibaambia baba yako alikuwa muntu wa Kolwezi, alifia mu mine ya kuchimba shaba. Siku ile nikasema: ni Nissim, Muyuda wa magasin ya vitambaa, baba ya Hénock. Hakuna aliyecheka. Abbé Sylvestre mwenyewe aliketi chini na sisi. Tulilala inje, na bamama balimulilia vizuri, hata bale ambao hawakumujua.

Asubuhi ya mwisho Maman Marie-Claire, jirani, akaniuliza: "Na mutoto, baba alimutambua?" Bote bakaniangalia. Nikasema: ndiyo. Alimushika mukono mbele ya bibi yake na mbele ya Raphaël, akabaambia, huyu ni wangu. Bakashukuru Mungu. Maman Marie-Claire alilia kwa furaha.

Siku utakuya Lubumbashi batakuuliza. Nakuomba, useme vilevile.

Maman yako,
Yolande