Viwavi Kwenye Maua ya Baba

Kibondo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza imekukuta bado unatafuta miwani. Goti linasemaje na baridi ya Mlalo? Dada Agnes ameniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda mlima kwenda shambani, na ukiulizwa unasema unanyoosha miguu. Nakujua. Anayenyoosha miguu habebi jembe.

Mimi ni mzima. Kazi ya wodi ya wazazi ni ileile, sisi wakunga tunakula tukiwa tumesimama. Lakini leo sitaki kukuchosha na habari za wodi. Nimekaa kukuandikia kwa sababu maua ya Baba yamepona.

Sikukuambia kwamba yanaumwa. Unakumbuka siku ulipolia kwenye simu, mafundi wa kaburi la Baba walipochanganya zege juu ya kitalu chako, jeranium zote alizopanda zikafa? Nilikuambia usihofu, zile nilizokuja nazo nilipopangiwa kazi huku bado zipo, na nitakuletea za kupanda kaburini kwa ajili ya ibada ya kusimika msalaba. Nilipokata simu nikatoka kuziangalia, nikakuta matumba yametobolewa, na machache yaliyofunguka yamechanika kama kitambaa kilicholiwa na panya. Nilikaa kizingitini. Hizo tu ndizo zilizobaki za mkono wa Baba, na nilikuwa nimeshaahidi.

Kwetu baridi inawanyima wadudu hamu ya kula. Huku jua linawaka na mdudu anajiona mwenyeji. Chini ya majani niliona vidukari, nikadhani ndio wenye hatia. Jirani yangu, Mama Evodia, akanipa dawa. Huyu ni mama wa makamo, mama yake alikimbia naye kutoka Burundi akiwa mgongoni, siku hizi ni raia kama mimi na wewe. Analima tumbaku na mumewe, na sauti yake inasikika mpaka barabara ya Kasulu.

“Unalilia maua, mwana wanje?” akaniuliza kutoka ng'ambo ya uzio wa michongoma. Mwana wanje kwao ni mwanangu. “Tumbaku tunayo. Loweka majani, kesho unanyunyiza, tududu twote tunakufa.”

Nikaloweka, nikanyunyiza mpaka mikono ikanuka kama kiko cha Babu. Vidukari wakaanguka, nami nikaanza kujisifu. Siku chache baadaye matumba mengine yakatoboka. Nikaongeza tumbaku, yakatoboka zaidi! Nikavaa viatu niende duka la pembejeo kununua sumu kali yoyote watakayonipa, Mama Evodia akasimama njiani. Ana mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba.

“Ukiweka sumu, nyuki zangu zinakufa. Ngoja kwanza tumutafute huyo mwizi.”

Basi asubuhi moja ya mapumziko yangu tukachuchumaa wawili, tukawa tunapasua matumba yenye matundu. Ndani ya moja tukamkuta kiwavi amejikunja, mwekundu vilevile kama petali alizokula. Kwenye majani tukamkuta mwenzake, yeye kijani. Sasa Mama, ningewaonaje, watu wanaovaa rangi ya chakula chao? Mama Evodia akamweka kiganjani, akamgeuza, kisha akacheka mpaka akakaa chini kabisa.

“Yoo! Huyu namujua! Si ndiye anakula tumbaku yetu shambani? Tumemupikia chakula cha kwao!”

Mwanzoni nilikasirika. Maua ya Baba yanaangamia na mtu anacheka. Halafu nikajiona nilivyokuwa nikikoroga ile ndoo kwa bidii, nikiwaandalia viwavi karamu, na mimi nikashindwa kujizuia.

Dawa ikawa vidole vyangu. Alfajiri kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, nakagua kila shina. Nikiona tundu, au vinyesi vyeusi kama chembe za pilipili manga, nachuma tumba zima na kulikanyaga. Nikiwa zamu, Mama Evodia ananikagulia. Tulichuma mengi mpaka nikaogopa kwamba tunamaliza sisi kile ambacho kiwavi ameacha. Lakini yaliyotoka baadaye yakaja mazima, na juzi kichwa cha kwanza cha maua kimefunguka chote, chekundu, hakuna hata petali moja iliyoguswa. Nililia, Mama.

Anayekuletea barua hii ni Rehema, mkunga mwenzangu anayekuja likizo Lushoto. Atakupa pia vijiti vya jeranium vilivyofungwa kwenye gazeti kavu. Usiviloweke, jeranium inapenda kiu kidogo. Uvipande kwanza kwenye makopo, vikishika mizizi ndipo uvipeleke kwa Baba. Vikianza kutoa matumba, Agnes awe anavikagua. Usinune, macho yake ni mazuri kuliko yako.

Kuna kimoja ambacho hutakiona. Tulipokuwa tunakata, Mama Evodia aliuliza vinakwenda wapi, nikamwambia kaburini kwa Baba. Akashika kijiti kimoja, akakigeuza kiganjani. Kisha akasema, “Baba wangu sijui walimuzika wapi. Sijui kama walimuzika. Nipe kamoja nipande hapa mlangoni, na mimi nipate mahali pa kumwagilia.”

Nilimkatia kirefu kuliko vyote bila kukuuliza. Wewe ungemkatia viwili.

Nisalimie Dada Agnes na shemeji yangu. Mwambie Mjomba Zakaria, ndugu yako wa pekee, aache kuwagombeza wale mafundi, zege limeshakauka. Shangazi Eliza, aliyemuuguza Baba mpaka mwisho, mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Mama Evodia naye anakusalimu. Anauliza kama mume wako hatachukia maua yake yakimtunza mzee wa mtu mwingine. Nilimjibu kwamba Baba hakuwahi kumfungia mgeni mlango, lakini anasema mimi ni mtoto, neno hilo ni lako. Hajakipanda mlangoni. Kijiti kiko kwenye kopo dirishani kwake, kinakusubiri.

Mwanao akupendaye,
Stela