Mkono wa Bwana Tindall na Kiti cha Bi Entwistle

KITUO CHA POLISI CALDERBROOK, LANCASHIRE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Neville Aspinall
Umri: Miaka 54
Kazi: Mhudumu wa maegesho ya magari, hospitali ya mji
Makazi: Nyumba namba 9, Mtaa wa Tenter, Calderbrook
Tarehe: Jumanne, 14 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya: Konstebo Farida Qureshi

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo hapa naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu. Bi Hilary Entwistle hakunituma.

Nimeajiriwa na kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya hospitali. Nina miaka mitatu pale. Kabla ya hapo nilikuwa kiwanda cha mazulia hadi kilipofungwa. Kazi yangu ni kuzunguka, kuangalia magari na kuelekeza watu. Faini sitoi mimi. Kamera inapiga picha namba ya gari likiingia na likitoka, na barua zinatoka ofisini.

Bi Entwistle ninamfahamu tangu Januari mwaka jana. Ana umri wa miaka sitini na moja. Hatembei, lakini gari lake anaendesha mwenyewe kwa mikono. Figo zake hazifanyi kazi, kwa hiyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huja kusafishwa damu. Hufika saa moja na dakika kumi asubuhi na kutoka mchana.

Wenye kadi ya buluu ya madereva walemavu hawalipi pale, lakini kila wanapoingia lazima waandike namba ya gari kwenye mashine. Asiyeandika anahesabiwa ameegesha bila ruhusa. Mashine ya upande wao imewekwa juu ya jukwaa la saruji. Mimi ni mrefu, na skrini inanifika kifuani. Mtu aliyeketi anaona chuma tu, na kiti cha magurudumu hakiwezi kupanda jukwaa.

Mwanzoni nilikuwa namwandikia. Mwezi Novemba mwaka jana kampuni ilituletea waraka: ni marufuku mhudumu kumwandikia mteja namba, kwa sababu mwenzetu mmoja alikosea na kesi ikawa ndefu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikisimama pembeni huku Bi Entwistle akinyoosha mkono na kushindwa. Siku nyingine mpita njia alimwandikia; siku ambazo hakupita mtu, barua ya faini ilifuata. Asubuhi ya kwanza nilimwambia, "Dada Hilary, nimekatazwa." Akanijibu, "Najua, mdogo wangu. Nenda ukanywe chai, usisimame hapa ukiumia." Hakuwahi kunisema vibaya, hata barua za faini zilipofika kumi na moja.

Alikata rufaa kwa kila barua. Majibu yalikuwa yale yale: alipaswa kufuata maelekezo yaliyobandikwa.

Siku moja ya Januari mwaka huu nilipeleka mwavuli uliosahaulika wodini kwao. Nilimkuta amelala kwenye kiti kirefu, mkono wa kushoto una sindano mbili na mipira ya kupitishia damu, wa kulia unaandika. Ubao wa kuandikia aliuegemeza kwenye goti. Nilidhani anaandika ya kwake. Muuguzi akaniambia anawaandikia rufaa wagonjwa wenzake, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa ishirini na wawili. Aliniona akasema, "Neville, neno 'kulazimishwa' na 'kuamrishwa', lipi linauma zaidi?" Nilisema la kwanza. Akaandika la pili, akasema, "La kwanza litanifanya nionekane nalia."

Mmoja wa hao ni Mzee Wilf Haslam, miaka sabini na tisa, aliyekatwa mguu. Mnamo mwezi wa pili alikosa siku mbili mfululizo za kusafishwa damu. Alikuwa na barua nne mezani hajazifungua, na aliogopa ya tano. Bi Entwistle alimfuata nyumbani. Mzee hakufungua mlango, basi Bi Entwistle alikaa mvuani kwenye kiti chake akimsemesha kupitia tundu la kuingizia barua. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema maneno yaliyomtoa ni haya: "Wilf, mimi miguu yote miwili haifanyi kazi na nimekuja. Wewe unao mmoja mzima, unaringa nini?" Alifungua, akapelekwa hospitali, na siku hiyo daktari alisema angechelewa hadi kesho yake asingepona.

Baada ya hapo Bi Entwistle aliiandikia bodi ya hospitali, na bodi ikaitaka kampuni imtume mtu.

Mnamo Jumatano tarehe 8 Machi 2023, saa sita na dakika arobaini mchana, meneja wetu wa eneo, Bwana Julian Tindall, alifika. Tulisimama watatu mbele ya mashine. Bi Entwistle alikuwa ametoka kusafishwa damu, uso mweupe, amejifunga skafu. Gari lake lilikuwa kama hatua sita kutoka kwenye mashine. Nyuma yetu walikuwepo watu wanne au watano wakisubiri mashine.

Bwana Tindall alikuwa na adabu. Alisema, "Mama, tusipoteze muda. Zako zote kumi na moja nazifuta sasa hivi, kwa simu hii."

Bi Entwistle akauliza, "Na wale ishirini na wawili?"

"Kila mtu ana kesi yake."

"Basi na zangu ziache hapo hapo na za wenzangu."

Nataka hili liandikwe vizuri. Angeweza kwenda nyumbani akiwa huru. Na alikuwa amechoka sana.

Bwana Tindall akasema mashine ilipitishwa na wataalamu na mtu yeyote anaweza kuifikia. Bi Entwistle akamwambia, "Mimi sibishani na wataalamu, mwanangu. Keti ujaribu." Watu kwenye foleni wakaguna. Mama mmoja akasema, "Haya bosi, twende kazi!" Bwana Tindall akacheka, akavua koti.

Bi Entwistle alisogea hadi kwenye gari lake, akafungua mlango, akajihamisha mwenyewe kwenda kwenye kiti cha dereva. Mimi ndiye niliyechukua kiti cha magurudumu nikampelekea Bwana Tindall. Kwa hiyo wakati wa tukio Bi Entwistle alikuwa ameketi ndani ya gari, hatua sita mbali, na kiti hakuwa nacho. Alipaza sauti kutoka kule, "Funga breki!" Akarudia, "Bwana Tindall, breki, upande wa kulia na wa kushoto!"

Bwana Tindall alisema, "Sawa, sawa," lakini hakufunga. Alisogeza kiti hadi ukingo wa jukwaa na kunyoosha mkono. Hakufika. Akainama mbele, makalio yakaacha kiti, na kiti kikarudi nyuma. Aliangukia mkono wa kulia juu ya saruji. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ilikuwa saa sita na dakika hamsini na mbili. Niliangalia saa kwa sababu tumefundishwa kufanya hivyo.

Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyekuwa karibu naye zaidi yangu, nami sikumgusa. Kamera zetu zinaelekea kwenye namba za magari tu, kwa hiyo hazina picha ya jambo hili.

Kijana mmoja kwenye foleni alicheka. Bi Entwistle alimkemea kutoka garini: "Funga mdomo! Hujaona mtu ameumia?" Kisha akafungua skafu yake, akanirushia, akanielekeza namna ya kuufunga mkono bila kuunyoosha. Bwana Tindall alikuwa mwekundu, machozi yanamlengalenga. Bi Entwistle akamwambia kwa sauti ya upole, nami niliisikia, "Usione haya. Mimi nimeanguka hapo hapo mara mbili."

Bwana Tindall alijaribu kusimama akashindwa. Bi Entwistle akasema, "Mpeleke na kiti changu." Nilimwuliza yeye atabakije. Akasema, "Nitabaki nimekaa. Nina uzoefu."

Nilimsukuma Bwana Tindall hadi idara ya dharura. Walikuwa na wagonjwa wengi na kiti kikabaki naye. Nilikirudisha saa tisa na dakika tano. Kwa saa mbili na zaidi mwanamke aliyetoka kusafishwa damu alikaa garini kwenye baridi, bila skafu yake. Hakulalamika. Aliuliza, "Wamempa dawa ya maumivu?" Nikasema ndiyo. Akawasha gari akaenda. Jana alipokea barua ya kumi na mbili, kwa kupitisha muda ulioruhusiwa siku hiyo.

Mnamo Ijumaa tarehe 10 Machi, saa mbili usiku, Bwana Tindall alinipigia simu. Alisema ameripoti polisi kwamba Bi Entwistle alimgonga kwa makusudi kwa kiti chake. Nikamwambia, "Bosi, kiti ulikuwa umekalia wewe." Akasema wakubwa wake walimwuliza ilikuwaje na hakuweza kuwaambia kweli. Akasema, "Neville, wewe ni mtu wetu." Nikakata simu.

Jana nilimweleza Bi Entwistle kwamba nitakuja hapa. Alinikataza. Alisema, "Fikiria mkate wako kwanza. Mimi watanihoji tu, wataona." Nimefikiria. Miezi minne nimesimama mbele ya mashine ile nikitii waraka, na sipendi mtu niliyekuwa.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni sahihi, sina la kupunguza.

Sahihi: N. Aspinall

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye ametia sahihi mbele yangu saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Nyongeza, Ijumaa 17 Machi: Mlalamikaji, Bwana J. Tindall, alifika kituoni mkono ukiwa kwenye plasta. Hakusomewa maelezo ya shahidi. Kabla sijamwuliza swali alisema alianguka mwenyewe, na anaondoa malalamiko. Ameonywa kwa mdomo. Alionyesha nakala ya barua yake kwa kampuni akitaka faini zote za wenye kadi ya buluu zifutwe na mashine iondolewe. Kampuni bado haijajibu, na hilo si suala la polisi.

Saa tano asubuhi nilimpigia simu Bi Entwistle, akiwa wodini, kumwarifu kwamba hatuhumiwi tena. Aliuliza kwanza mkono wa Bwana Tindall unaendeleaje. Kisha aliuliza kama Bwana Aspinall bado ana kazi. Nilimjibu kwamba hilo silijui. Alisema yeye atalijua kabla ya saa kumi jioni.

F. Qureshi, Konstebo