Jina Wanalotaka Kumpa Mwanangu

Rujewa, Usangu, 1950

Mama yangu,

Kamwene! Goti linasemaje na baridi ya huko Tosamaganga? Na bibi, bado anagombana na kuku? Mimi mzima, mtoto ananyonya vizuri, maziwa yapo. Lakini nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu.

Kitovu kilipodondoka, baba mkwe aliwaita ndugu zake waje kumpa mtoto jina. Unajua mila za huku: mkamwana haonekani mbele ya baba mkwe, sembuse kufungua mdomo. Nikakaa nyuma ya mlango na mwanangu, nasikiliza. Pombe ilipowakolea, mzee akatangaza kwamba mjukuu atarithi jina la marehemu baba yake yeye mzee. Wakashangilia.

Jina lenyewe sitaliandika kwenye karatasi hii. Lakini sifa zake nilizisikia zote. Marehemu ndiye aliyewaandalia Wajerumani shehena walipokwenda kuwapiga Wahehe. Mchele, unga, ng'ombe wa kuchinja, chumvi, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuna mzigo ulioondoka Usangu kabla hajauinua mwenyewe na kukagua kamba.

"Wazungu wasingefika popote bila baba," akasema mzee.

"Kweli kabisa!" wakaitikia.

Na walikofika ni kwetu, mama! Hata hivyo nikavumilia. Nikajiambia, Paulina, nyamaza, hiyo ni pombe inasema. Ndipo mmoja wao akauliza wapagazi walipatikana wapi, maana vijana wote walikuwa vitani. Mzee akacheka.

"Mateka si walikuwepo? Hata vitoto vya kike vya Kihehe vilibeba. Hivyo baba alivipa chumvi, mzigo mdogo."

Mdogo! Nikauona utosi wa bibi, pale pasipoota nywele, pale ambapo wewe, mama, ulikuwa unatuchapa tukipagusa. Si ndivyo alivyotusimulia? Mvua iliwanyeshea njiani, chumvi ikayeyuka ikamshukia kwenye kidonda alichochubuliwa na mzigo kichwani, na hakuna aliyemtua. Alisema palikuwa na mtu anayepita kukaza kamba, na mtu huyo hakuwahi kuwatazama usoni.

Nikatoka. Ndiyo, mama, nilitoka nyuma ya mlango, mtoto kifuani, nikasimama mbele ya baba mkwe nikamkazia macho. Wanawake wakaziba nyuso kwa khanga. Mume wangu akaja mbio kunishika, nikamwambia aniache.

Nikasema, "Baba, mmoja wa hao wasichana wa chumvi yu hai. Ndiye bibi yangu, aliyemzaa mama. Jina hilo nitalikubali siku utakapolitamka mbele yake, pamoja na sifa zote ulizozitaja, usipunguze hata moja."

Kisha mzee akapiga fimbo chini. "Mlete! Namwogopa nani, bibi kizee?"

Basi kumpa mtoto jina kukasimama. Tangu siku hiyo, mbali na mume wangu, hakuna anayenisemesha humu ndani. Chakula changu kinawekwa mlangoni. Mume wangu anadai nimemvua baba yake nguo mbele za watu. Nimemjibu kwamba bado, asubiri bibi afike. Siombi radhi, mama, hata wakinirudisha kwenu. Na wewe usiniandikie habari za kuvumilia, nakujua.

Ila jana mama mkwe alikuja amelainika, anazungukazunguka, mara anasifu mtoto, mara anauliza habari za mvua. Mwisho akasema: mzee anauliza kama bibi yako bado ana akili zake, au ameshasahau mambo. Nikamjibu kwamba anakumbuka hata kamba. Akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo mleteni. Pandeni basi la Mbeya, mshuke hapa Rujewa, nitawapokea mwenyewe. Na siku hiyo msimfunge kitambaa kichwani.

Nisalimie kaka, yule mwalimu, umwambie ndiye atakayesindikiza safari hii, asinitolee visingizio vya shule. Nisalimie shangazi anayepika kwa masista, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie mpwa wake ana masikio kama yake.

Bibi akisema miguu haimfikishi, kaka ambebe mgongoni. Yeye keshabeba vya kutosha.

Ni mimi mwanao,
Paulina, mama wa mtoto asiye na jina