Maelezo ya Winifrida Polikarp Kuhusu Kipande cha Shaba

Jina: Winifrida Polikarp. Umri: miaka 36. Kazi: mtafiti wa kemia, chuo kikuu, Dar es Salaam. Makazi: kwa sasa nipo likizo nyumbani kwa mama yangu, Kizwite, Sumbawanga.

Mnamo tarehe 12/07/2025, Jumamosi mchana, niligundua kuwa kipande cha shaba, ukubwa wa kifungo cha koti, hakimo kwenye mkoba wangu. Ni mali ya chuo. Nilikileta niwaonyeshe wanafunzi wa sekondari.

Koplo anayeandika maelezo haya ameniuliza kipande hicho ni cha nini. Dawa nyingi huwa na maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja linaweza kutibu na jingine likadhuru. Uso wa shaba ile ulikatwa ili chembe zake zote zijipange kuelekea upande mmoja. Tunachunguza kama unaweza kusaidia kutengeneza umbo linalotibu tu, bila lile linalodhuru.

Siku hiyo fundi Leonardi, jirani yetu, alikuwa anatengeneza mlango wa chumba changu. Yeye pia hununua vyuma chakavu. Kaka yangu Wilibrodi akasema, "Nani mwingine anayejua bei ya shaba?" Akaita polisi. Mimi sikumzuia. Leonardi aliniambia, "Dada, nimeshika mlango tu." Akachukuliwa.

Mama yetu, Epifania, alikuwa ameondoka asubuhi kwenda msibani Mwimbi na simu yake haikupatikana. Alirudi leo tarehe 14. Nilipomweleza, alikwenda kabatini akatoa kipande kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa.

"Nilidhani ni medali yako, mwanangu. Kilikuwa kimefubaa, nikakisugua kwa mchanga na majivu ili wanafunzi wakione."

Kiling'aa sana. Nilimwambia, "Asante, mama." Lakini mpangilio wa chembe za uso wake umeharibika; kwa kazi yetu hakifai tena mpaka kikatwe upya. Nitaueleza uongozi wa chuo mimi mwenyewe.

Mama alikuja nami kituoni kwa miguu, pamoja na Wilibrodi. Alimwambia koplo, "Niwekeni mimi ndani, yeye mtoeni." Leonardi alipotolewa, alimwamkia mama shikamoo. Mimi na Wilibrodi alitupita kimya.

Sina madai dhidi ya mtu yeyote. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo.

Sahihi: W. Polikarp

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Salome, na shahidi amesomewa. Ameomba neno "mtuhumiwa" nililoandika mbele ya jina la Leonardi lifutwe. Nimelifuta.