Ufunguo Mkuu Kwenye Kompyuta ya Bi Hirabuki

Jumatatu, 3 Februari 2020

Leo, kama kila mwaka baridi inapoaga, wahudumu wa makao haya ya wazee wamerusha punje za soya za kukaanga kufukuza mashetani. "Mashetani nje! Baraka ndani!" Sisi wazee tukapiga makofi kama watoto wa chekechea. Kumbe shetani kaingia tangu asubuhi, kwa barua pepe — tena kafunguliwa mlango kwa adabu zote! Kompyuta za makao haya zimefungwa, kumbukumbu za dawa hazisomeki. Muuguzi kaniuliza mimi nameza vidonge gani. Mimi! Moyo wenyewe unakwenda kwa kubembelezwa.

Jumanne, 4 Februari

Mkosaji kapatikana: Bi Hirabuki, karani. Alipokea faili lililofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe likafuata kwa barua ya pili; akalifungua, kumbe shetani yumo ndani. Ndiyo desturi ya ofisi zetu. Unafunga sanduku, kisha ufunguo unamkabidhi tarishi yuleyule! Programu ya kuzuia virusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa, inaliacha lipite tu. Hekima ya taifa zima hiyo.

Bi Hirabuki analia jikoni. Atafukuzwa.

Alhamisi, 6 Februari

Mkwe wangu kaja. Onodera — fundi wa kompyuta wa makao haya, kazi aliyoipata kwa jina langu. Anacheka. "Baba, mama yule angebofya hata bomu."

Nikamwambia karani hana ruhusa ya kugusa kumbukumbu za dawa. Sasa mwizi alipandaje mpaka huko?

"Aa, Baba! Zana za siku hizi zina akili."

Akili! Zana ile ya mwizi ni mwokota takataka. Inapekua kumbukumbu ya kompyuta, inaokota siri za kila aliyeingia pale na hajatoka. Ikikuta za karani tu, inabaki karani. Ikikuta za msimamizi mkuu, imekuwa mfalme wa jengo.

Na za msimamizi mkuu zilikuwepo. Ijumaa iliyopita Onodera aliingia kwa jina hilo kwenye kompyuta ya Bi Hirabuki — kutengeneza printa! — akaiacha hivyohivyo, akaenda kula tambi. Nilikuwa nimeketi pale na kikombe changu cha chai. Niliona. Nimefundisha jambo hili chuo kikuu mpaka nywele zikaisha. Nikanyamaza, maana ni mume wa binti yangu na sikutaka kumwaibisha. Profesa wa usalama! Mfyuu!

Nisife na hili.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika ukumbini, daftari gotini. Familia zetu zimeitwa kuombwa radhi; zimejaa. Bi Hirabuki, suti nyeusi, kainama mbele yetu na hajainuka. Mkurugenzi kainama kidogo, kama anayetafuta kiatu. Onodera kasimama wima.

Mzee Tsukuda, mkazi mwenzangu, sikioni mwangu: "Waiinamishe na printa basi, nayo ilikuwepo."

Nimeinua mkono. Mkurugenzi kasema labda Mwalimu anataka kupelekwa msalani. Kicheko. Sijaushusha.

Onodera kachukua maikrofoni, anakuja nayo mwenyewe, anatabasamu kwa kila mtu. Anadhani nataka kumshukuru kwa kukesha kazini, mpumbavu. Binti yangu Chizuru, mstari wa mbele, kageuka kunitazama. Huyu ananijua. Kicheko kimefutika usoni mwake. Anatikisa kichwa, polepole — Baba, usithubutu.

Bi Hirabuki bado kainama.

Maikrofoni hii hapa, taa yake inawaka, na mkwe wangu ananiinamia aniwekee vizuri mdomoni —