Fomu Haina Nafasi ya Azhar

Hyattsville, 6 Machi 2023

Mwanangu Fawaz,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo huko Tirana? Baridi imepungua? Mimi Alhamdulillahi, goti tu linanikumbusha ngazi za hapa. Bi Violet, yule bibi ninayemtunza, anakusalimu. Kila siku aniuliza kama umepata mke, na kila siku namjibu lile lile.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Alhamisi alikuja mzungu mmoja, beji shingoni. Mpole, viatu kavua bila kuambiwa, chai akakataa. Akasema wenye kazi ya serikali ya huku kama yako hukaguliwa upya kila baada ya miaka kadhaa, ndiyo azunguka kuulizia habari zako. Kumbe alishapita kwa majirani! Nadra wa mlango wa pili, na Uunguja wake wote, kanikazia macho kwenye chumba cha kufulia: "Bi Mwatime, mwanao wakili kweli, au shushushu? Ya darsani tusije tukayasikia kwengine." Jumamosi darsa la wanawake likasomwa kwake, mimi sikuambiwa.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Yule bwana aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wawili, Fawaz na Azhar. Akageuza karatasi zake mbele, akageuza nyuma. "Wawili, mama? Una hakika?"

Mtu huulizwa hakika ya watoto wake? Uliandika nini kwenye hiyo fomu?

Mama yako


Tirana, 29 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mimi salama, nafuturu kwa jirani, supu yao nzuri ila pilipili hawaijui.

Mama, mimi si jasusi. Kazi yangu ni ile niliyokueleza: nakaa na mahakimu na waendesha mashtaka wa hapa, tunapanga utaratibu mpya ili mtu akikamatwa afikishwe kortini upesi, asisahaulike rumande. Juzi mmoja wao, Anatoli, kaniuliza, "Wewe unayetufundisha, umewahi kuwa na mtu wako ndani?" Tukacheka.

Kuhusu fomu: wanauliza ndugu wa kuzaliwa, au wa kulelewa kisheria. Ndugu wa kunyonya hawamjui. Tena Azhar yuko rumande huko Mombasa. Nikimtaja watachimba mwaka mzima, na mkataba wangu unaisha Agosti. Huyo bwana akirudi, mwambie ulimaanisha mmoja. Si uongo, mama. Fomu ndivyo inavyohesabu.

Kesi ya Azhar naifuatilia, nimezungumza na watu.

Mwanao, Fawaz


Hyattsville, 30 Aprili 2023

Fawaz,

Assalaam alaykum. Idi imepita, mahamri nimekula na Bi Violet. Nadra kaniletea sahani mlangoni, hakuingia.

Barua yako nimeichambua kama mchele. Mawe nimeyaona mawili.

La kwanza. Wasema umezungumza na watu. Nimempigia Sundus, mkewe Azhar, nikamtega: "Fawaz alikupigia lini vile?" Akasema, "Mama, sauti ya Fawaz sijaisikia tangu Azhar akamatwe." Miaka minne, Fawaz! Kwa jenereta aliyonunua bila kujua ni ya wizi, na kesi kazi yake kuahirishwa.

La pili. Anatoli kakuuliza kama una mtu ndani, nawe ukacheka. Ulichekea nini?

Mamake Azhar alikufa siku ya kumzaa. Waliniletea mtoto kwenye leso, wewe una wiki tatu. Wewe kushoto, yeye kulia, mkipigana mateke kifuani kwangu, miaka miwili. Ningekuwa na binti, kwa dini yetu Azhar asingeweza kumwoa. Mungu ndiye aliyemtia humu nyumbani. Nani kakupa wewe ruhusa ya kumtoa?

Yule bwana anarudi Jumatano. Najua naweza kukuvunjia kazi, na usingizi sina. Nimeswali istikhara siku tatu, nikimwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Lakini mmoja sitasema.

Mama yako


Hyattsville, 25 Juni 2023

Fawaz,

Salamu ni haki yako, nakupa. Nilimwambia wawili. Nikampa jina la Azhar kamili, na jela alipo. Aliandika yote.

Tangu hapo kimya. Simu hushiki. Barua yangu ya mwezi wa tano imerudi na muhuri. Wamekufunga? Au umekaa mahali wanisubiri nibadilishe neno? Kama ni hilo, utasubiri sana, mwanangu. Hii naituma tena huko huko, labda itakupata.

Mama yako bado


Mombasa, 19 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho rafiki wa Tirana kaipokea, kanisomea kwa simu. Usiandike tena Tirana.

Mwezi wa tano wakaguzi waliniita hapo Tirana, wakaniuliza: mama yako asema wawili, kwa nini? Nikajibu, "Mama ni mtu mzima, shule yake ndogo, hakuelewa swali." Mkaguzi mmoja akaanza kuandika. Nikaitazama kalamu ikikuandika wewe mjinga, kwa mdomo wangu. Nikamwacha amalize. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe.

Asubuhi yake nilirudi nikasema nimedanganya. Wakaniambia nikabidhi ofisi, nisubiri uamuzi. Sijui kama watanirudisha. Sikupiga simu kwa sababu ungelijua lote kwenye sauti.

Jana nimekwenda rumande na Sundus. Askari wa langoni akafungua daftari la wageni.

"Nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Mbona majina ya baba mbalimbali? Mama mmoja?"

"Hapana. Tulinyonya ziwa moja."

Hakuinua hata kichwa, mama. Akaandika: ndugu.

Azhar amekonda. Akanitazama kwenye wavu, juu mpaka chini, akasema, "Wee! Kumbe na ziwa la kulia ulikuwa ukinimalizia wewe." Sundus akacheka mpaka askari akamkemea. Mimi sikuweza.

Kesi yatajwa Jumanne. Mimi si wakili wa hapa, sina ruhusa ya kusema neno mbele ya hakimu. Nitakaa benchi ya mbele, Azhar akigeuka anione.

Mwanao, mmoja wa wawili,
Fawaz