Mini Iliyohama Kafili

Ijumaa, Jeddah. Joto la huku si la Riyadh. Riyadh jua linakukausha kama dagaa. Hapa linakuchemsha pamoja na shati lako. Nimeoga, nikalowa tena kabla sijafunga vifungo.

Nimekuja kuomba kazi. Bosi wangu wa Al-Murabba, kule Riyadh, anahamia kwa wanawe, nje ya nchi, na dereva hahitaji tena. Akiondoka kabla sijapata kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini na kuichukua ikama, kibali changu cha ukaazi, halas, narudi Tanga. Mwakio, Mtaita anayempikia mzee mmoja hapa Al-Nuzha, ndiye aliyenipigia simu: mzee wake anatafuta mtu wa kumwendesha na kumtunzia gari za zamani.

Mwakio alinipokea mtaa wa Sharafiya, akanionya tukiwa ndani ya teksi. "Usijifanye unajua, bro. Huyo mzee anapenda mtu anayetazama kwanza."

Kutazama ndiyo shule yangu. Cheti kingine sina.

Mzee akatufungulia banda, akavuta turubai taratibu, kama anayemfunua bibi harusi. Nikaona Mini. Kigari kile cha Waingereza, kifupi, matairi kama visahani. Lakini puani kilikuwa na wavu mrefu wa chuma unaong'aa, kama mlango wa benki. Nyuma kimeota buti dogo. Ndani, dashibodi ya mbao iliyosuguliwa hadi nikauona uso wangu, na ulikuwa unapendeza kuliko ninavyoujua.

Mini iliyovaa joho.

Nikasema, kwa moyo safi kabisa, "Mashallah, baba. Mini nzuri."

Uso wa mzee ukajikunja. "Mafi Mini," akasema. "Hakuna Mini hapa. Hii ni Hornet."

Mwakio akainamia kandambili zake, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Haya, basi la Riyadh linaondoka saa ngapi?"

Mzee hakunifukuza. Aliingia ndani ya gari, akawasha taa za mbele, na pale juu ya wavu, katikati, nembo ndogo ikawaka. Jina lenyewe lilikuwa na taa yake. Nimeishi Riyadh, nimeona maghorofa ya vioo yanayobadilisha rangi kama kinyonga. Hayakunisimamisha. Hiki kijitaa kilinisimamisha.

Nikainama karibu, nilitazame jina lile.

Akanieleza mwenyewe, kwa upole sasa. Waliounda ile Mini waliichukua gari ileile, wakaivisha mbao, wavu na buti, kisha wakaibandika jina la kampuni ya zamani yenye heshima zake, lile linalowaka. Ikauzwa ghali zaidi, kwa watu waliotaka gari dogo lakini hawakutaka kuonekana ndani ya gari dogo.

Hapo ulimi ukanitangulia. "Kwa hiyo, baba, ni Mini iliyohama kafili."

Kafili ni neno ambalo hapa hulifanyii mzaha mbele ya mtu ambaye mwenyewe ni kafili. Mwakio aliacha kupumua. Mimi niliiona Tanga, na mama akiniuliza mbona nimerudi na begi moja.

"Eleza," mzee akasema.

Nikaeleza, ningefanyaje. "Injini ni ileile, miguu ileile. Karatasi ndizo zina jina jipya, na sasa inakaa kwenye nyumba nzuri."

Akaniangalia. Kisha akacheka, kicheko cha kuanzia tumboni, hadi akaegemea mlango wa gari. Alipomaliza kufuta macho akaniuliza swali ambalo nimeshinda nalo mchana kutwa: "Na wewe ukija kwangu, ndani kutabadilika nini?"

"Hakuna, baba. Utapata dereva yuleyule."

"Ndiye ninayemtaka." Ataomba uhamisho wa ikama yangu, mradi bosi wangu akubali. Sharti ni moja: mbele ya wageni, neno Mini lisinitoke.

"Kwani wageni hawajui?" nikauliza.

"Wote wanajua. Ndiyo maana hatusemi."

Mwakio anadai nina bahati ya mwizi. Labda. Nimekaa sasa kwenye kitanda chake nikiwaza kwamba kuna mtu, mahali fulani, alikaa akafikiria kuliwekea jina taa. Gari dogo vile, na bado akaona linastahili.

Kesho narudi kumpa bosi habari. Njia ni ndefu na ulimi wangu ni mgumu, kwa hiyo nitajizoeza ndani ya basi: Honeti. Honeti. Jirani yangu atanivumilia.